Jezi 34 za Msimu Mmoja

Kazi yangu ni ushonaji. Kibanda changu kiko karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, na kwa miaka tisa sasa mimi ndiye ninayebandika namba na majina kwenye jezi za timu ya soka niliyoishabikia tangu utotoni. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu mgogoro wake haujamalizika na wengi wa wahusika ni watu ninaosalimiana nao kila siku nikitoka msikitini. Msimu uliopita ilishuka daraja. Mimi binafsi nilipoteza fedha, nikakosana na rafiki wa miaka 20, na nikamtukana hadharani kijana ambaye hakuwa na kosa. Naandika haya kwa mashabiki ambao timu zao zinaelekea huko, wapate kuyaona mapema yale ambayo mimi niliyaona baada ya kuumia.

Marehemu baba alinilea kwa hadithi za Feisal, timu ya Mombasa iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa katika msimu wake wa tatu. Jina la Ali Kajo, mwana wa Mombasa aliyevaa jezi ya taifa, nililijua kabla sijajua majina ya mawaziri. Kwa hivyo mimi si shabiki wa juzi. Nilikuwa nikienda na baba Uwanja wa Manispaa nikiwa mtoto wa miaka saba, na uwanja huo ulipofungwa kwa ukarabati uliochukua miaka mingi, niliifuata timu kwenye kila kiwanja cha vumbi ilichoazima. Nilidhani mapenzi ya namna hiyo yanatosha kumfanya mtu aijue timu yake, kumbe nilijua matokeo yake tu.

Msimu ulianza kwa furaha kubwa. Uongozi mpya ulikuwa umeingia, ukaahidi kuturudisha Ligi Kuu ndani ya miaka miwili, na katika wiki mbili za mwisho za dirisha la usajili nikaletewa jezi 25. Kati ya hizo, 16 zilikuwa za wachezaji ambao sikuwahi kuwasikia. Nilifanya kazi hadi saa sita usiku, nikihisi kwamba nami nina mkono wangu katika jambo kubwa linaloanza. Nilizipiga picha nikazituma kwenye kundi letu la WhatsApp, na mashabiki wakashangilia kana kwamba tumeshashinda mechi.

Ushahidi wote ulikuwa mezani pangu na sikuusoma. Sita kati ya wachezaji wapya walikuwa washambuliaji. Kiungo mkabaji alikuwa mmoja tu, mtu mzima aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa goti. Upande wa beki wa kushoto haukuwa na mtu kabisa, kwa kuwa kijana wa Likoni aliyeucheza kwa misimu mitatu alikuwa ameachwa ili nafasi yake ya usajili apewe mwingine. Hilo nililijua kabla ya mtu yeyote katika mji huu, maana jezi yake namba 3 ililetwa kwangu nilitoe jina lake na kubandika la mshambuliaji. Nililing'oa herufi moja baada ya nyingine, nikipasha moto kwa pasi na kukwangua gundi kwa wembe, na haikunipitia akilini kuuliza ni nani atakayecheza pale.

Tangu wakati huo nina desturi ambayo namshauri kila shabiki aishike. Usajili unapotangazwa, chukua karatasi, chora nafasi 11 za uwanjani, kisha andika majina mawili katika kila nafasi. Zikibaki nafasi tupu huku nyingine zikiwa na majina manne au matano, timu yako haikusajiliwa na mtu anayefikiria namna itakavyocheza. Uliza basi ni nani aliyesajili. Kwetu, mkufunzi wa kwanza alinieleza mwenyewe, akiwa amekaa kwenye benchi la kibanda changu akinywa kahawa, kwamba aliomba wachezaji wanne na kuwataja, akapewa 16 asiowataja. Tisa kati yao waliletwa na ajenti mmoja. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, akiangalia njia, na mimi niliyachukua kama malalamiko ya mtu anayejiandalia udhuru.

Tulipoteza mechi tatu za mwanzo. Katika zote tatu, mabao yalitoka upande wetu wa kushoto.

Hapo nikafanya kosa la pili, nalo nililifanya pamoja na mamia ya wenzangu. Tulidai mkufunzi afukuzwe. Niliandika kwenye kundi, nilipiga kelele jukwaani, nikachangia hata fedha za kuchapisha bango. Uongozi ulitusikiliza upesi mno, na wepesi huo ungetufumbua macho, kwa kuwa katika kila jambo jingine, kuanzia maji ya wachezaji hadi usafiri, uongozi huohuo haukuwahi kutusikiliza hata mara moja. Mkufunzi akaondoka na hasira zetu zikaondoka naye, na waliosajili wakabaki ofisini. Aliyemfuata alidumu mechi saba. Wa tatu alikuja katikati ya msimu akitaka wachezaji wa aina yake, dirisha likafunguliwa, na nikaletewa jezi nyingine tisa. Jumla zikawa 34 kwa timu inayochezesha watu 11. Hadi msimu unaisha sikuwa nimelipwa shilingi 11,900 za kazi hiyo, lakini mimi nina wateja wengine. Wakufunzi wawili waliofukuzwa walikuwa na mikataba, na madai yao yakaingia katika deni la klabu, likala fedha ambazo zingelipa mishahara.

Namna deni la namna hiyo linavyoingia uwanjani nilielezwa na kipa wetu, kijana wa miaka 22 kutoka Kisauni. Mechi moja ya nyumbani aliachia mpira mwepesi ukapita mikononi mwake, tukafungwa bao moja kwa nunge. Mimi nilikuwa mstari wa mbele nyuma ya lango. Nilimwita mwizi. Nilimwambia amekula fedha za wapinzani, na mamake alikuwa amekaa safu mbili nyuma yangu. Sikumjua.

Siku ya Jumatano alikuja kibandani na mfuko wa plastiki. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, fundi," kisha akatoa glavu zake na kuziweka juu ya meza ya cherehani. Mpira wa kiganja cha kulia ulikuwa umechanika kuanzia kidole gumba hadi karibu na kifundo, na mahali ulipochanika alikuwa amepaka gundi ya viatu, ambayo ilikauka ikawa ngumu na laini kama kioo. Nilipitisha kidole changu pale, mara nikaelewa kwa nini ule mpira uliteleza.

"Fundi, zinaweza kushika hadi Jumamosi?" akaniuliza.

Nilimwuliza kwa nini klabu isimnunulie nyingine. Akacheka kidogo, akaniambia kwamba ulikuwa mwezi wa nne hawajalipwa, kwamba nauli ya mazoezi anayotumiwa na dada yake inatosha siku mbili kwa wiki na siku nyingine anatembea kutoka Kisauni, na kwamba safari ya Kakamega walisafiri usiku kucha kwa basi, wakafika asubuhi ya siku ya mechi, wakalala kwenye viti, wakacheza saa tisa alasiri bila kula chakula cha maana. Kutoka Mombasa hadi Kakamega ni zaidi ya kilomita 800. Timu nyingi tunazopambana nazo ziko Nairobi na magharibi mwa nchi, kwa hivyo sisi wa Pwani tunalipa gharama ya barabara kuliko wengine, na uongozi usiotenga fedha za malazi kabla ya msimu kuanza unakuwa umeshapoteza pointi kabla ya kipenga kupulizwa. Mimi siku ile ya Kakamega niliandika kwenye kundi kwamba wachezaji wetu hawana uchungu na jezi.

Nilizishona glavu zile kwa uzi wa nailoni, nikaweka kiraka cha ngozi laini kwa ndani, na sikumtoza kitu. Kisha nikamwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda, akiangalia sindano inavyokwenda, halafu akasema, "Mama ndiye aliyeumia, ami. Mimi nimezoea." Sijawahi kusikia maneno yaliyonikaa kifuani kama hayo. Jioni ile nilikwenda hadi kwao kumwomba radhi mama yule, naye alinipokea na kunikaribisha chai, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama angenifukuza.

Kutoka hapo nilianza kusoma. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema, tangu mwaka 2018, kwamba mchezaji ambaye klabu imeshindwa kumlipa mishahara ya miezi miwili ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi aiandikie klabu barua ya onyo na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe. Wachezaji wetu wengi hawakuwa na nakala za mikataba yao wenyewe. Walitia saini ofisini, karatasi zikabaki ofisini. Kwa mzazi au ndugu anayesoma haya, mwanao akisajiliwa na timu yoyote, hata iwe ndogo namna gani, asitoke chumbani bila nakala yenye saini za pande zote mbili. Kipa wetu alikuwa nayo, kwa kuwa dada yake ni karani na aliidai. Aliandika barua yake, siku 15 zikapita bila jibu, akaondoka. Wengine watatu ambao hawakuwa na nakala walibaki wakisubiri.

Lakini kabla ya kipa kuondoka nilikuwa nimeshafanya kosa langu la tatu, ambalo ndilo lililonigharimu fedha na urafiki. Kwa uchungu wa zile glavu, nilianzisha mchango. Nilipita dukani kwa watu kuanzia Majengo hadi Kongowea, nikapokea fedha kwa simu yangu mwenyewe, na kwa siku 12 nikakusanya shilingi 58,400. Wengine walitoa shilingi 50, na mama mmoja muuza viazi karai alitoa 200 akaniambia nimsalimie yule kipa. Fedha zote nilizitoa taslimu nikampelekea afisa mmoja wa klabu, mkononi, ofisini kwake, bila risiti. Alinishukuru sana. Wachezaji hawakupata hata shilingi moja, na nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa zililipia basi la safari ya Kisumu.

Labda ni kweli. Sina namna ya kujua, na hilo ndilo linaloniuma. Waliochanga walinijua mimi, hawakumjua yule afisa, na rafiki yangu aliyekuwa ametoa shilingi 5,000 aliniuliza mbele ya watu ninakula naye kwa asilimia ngapi. Niliwarudishia baadhi yao kutoka mfukoni mwangu, jumla shilingi 12,000, nikashindwa kuendelea. Rafiki yangu nilimrudishia zote na hadi leo hatuzungumzi. Ukitaka kuisaidia timu, usipokee fedha za watu kwa simu yako. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu wasio wa ukoo mmoja, tangazeni kila kilichoingia, na bora zaidi, msitoe fedha kabisa bali mlipe kitu chenyewe: kodi kwa mwenye nyumba wanakoishi wachezaji, viatu dukani, chakula hotelini, na risiti iandikwe jina la kundi lenu. Baadaye sisi tulilipa kodi ya miezi miwili kwa njia hiyo, na hakuna aliyegombana na mwenzake.

Mwezi uliofuata tulifunga lango la kiwanja na mechi ikachelewa. Hatukupata chochote kwa hilo isipokuwa vijana wawili kulala kituo cha polisi.

Katika vikao vyetu vya barazani palizuka hoja mbili ambazo nadhani huzuka kila mahali timu inapozama. Ya kwanza ilikuwa kwamba tutafute mdhamini mkubwa, tuwe kama Bandari. Ni kweli Bandari iko chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na mwaka 2019 ilimaliza ya pili Ligi Kuu na kutwaa ngao, yaani kombe la mtoano la Kenya, tukaiona ikicheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Sisi tulifurahi kama Wamombasa wote. Hata hivyo timu ya taasisi haifanani na timu ya wananchi, na timu ya wananchi inayomtegemea mdhamini mmoja iko juu ya mguu mmoja. Mwaka huohuo wa 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoondoa udhamini wake, hata Gor Mahia na AFC Leopards, zenye mashabiki kila kaunti, zilitaabika kulipa wachezaji. Mdhamini anayekuta ofisi isiyo na vitabu vya hesabu huleta fedha za kupotea, basi.

Hoja ya pili ilikuwa kumwendea mwanasiasa awatoe viongozi kwa nguvu. Niliiunga mkono hadi mzee mmoja, aliyekuwa katibu wa klabu miaka ya zamani, aliponyanyua mkono. Alitukumbusha kwamba serikali ilipovunja uongozi wa shirikisho la soka la Kenya Novemba 2021, FIFA iliifungia Kenya Februari 2022, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Novemba mwaka huo, wachezaji wasiohusika wakakosa michuano ya kimataifa. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikisema zaidi.

"Mwanangu, wewe una kadi?"

Nikamwambia, "Mzee, mimi ni shabiki tangu nina miaka saba."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza kama una kadi ya uanachama, kwa sababu wanaochagua mwenyekiti ni wenye kadi."

Sikuwa nayo. Katika watu zaidi ya 60 waliokuwa barazani pale, wenye kadi walikuwa wanne. Mzee alitoa nakala ya katiba ya klabu, karatasi zilizogeuka rangi kwa ukale, akatusomea. Mkutano mkuu ulipaswa kufanyika kila mwaka na hesabu kusomwa mbele ya wanachama. Haukufanyika kwa miaka minne. Ada ya uanachama ilikuwa shilingi 500 kwa mwaka, chini ya bei ya tiketi zangu za nyumbani kwa miezi miwili. Alitueleza pia kwamba chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 kila klabu inapaswa kusajiliwa kwa Msajili wa Michezo na kuwa na katiba, na kwamba lipo Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo ambako mwanachama anaweza kupeleka malalamiko yake. Neno alilolirudia ni mwanachama. Shabiki anayepiga kelele nje ya lango hana pa kusimama mbele ya jopo hilo.

Tulilipa ada siku ileile, watu 38. Tuliandika barua kuomba mkutano, tukaandika ya pili, na hii ya pili tuliipeleka na nakala ambayo tulitaka igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Ya kwanza hatukufanya hivyo na ofisi ikadai haikuiona. Mkutano ukaitishwa hatimaye, timu ikiwa imebakiwa na mechi tano. Tulifika mapema tukiwa tumevaa kanzu safi na mashati ya pasi, tukazuiwa mlangoni. Katiba ileile tuliyoishika mkononi ilisema kwamba mwanachama hupiga kura baada ya kutimiza miezi sita. Tulikuwa na miezi miwili. Hatukuwa tumeusoma ukurasa huo kwa makini. Tulisimama nje ya dirisha tukasikia uongozi ukirudishwa kwa kura 29, na wala sikuweza kusema kwamba tumeibiwa, kwa kuwa utaratibu ulifuatwa.

Kwa hivyo ukiwa na timu inayoanza kuyumba leo, usingoje ifike mkiani. Lipa ada wakati timu inashinda na hakuna anayegombana, omba nakala ya katiba, soma sifa za mpiga kura kabla ya kitu kingine chochote, na uitunze risiti. Mimi nilikuwa na miaka 30 ya kufanya hivyo.

Tulishuka daraja siku ya mechi ya mwisho, kwa tofauti ya pointi mbili. Sikulia uwanjani, nililia nyumbani. Kipa wetu wa zamani, ambaye sasa anadakia timu ya Nairobi na analipwa kila mwezi, alinipigia simu usiku ule kunipa pole, akazungumza nami kwa dakika kumi kuhusu wenzake waliobaki, nani amepata timu na nani amerudi kuendesha tuktuk.

Sasa tuko wanachama 117 tuliotimiza miezi sita. Wiki iliyopita nilijiwa na meneja wa timu akiwa na mzigo wa jezi za msimu mpya. Nilimwomba kwanza deni langu, akalipa nusu. Nikamwomba pia orodha ya majina pamoja na nafasi anayocheza kila mmoja, naye akaniuliza fundi anataka nafasi za nini. Nilimwambia kwamba mimi ni mwanachama namba 84 na nina haki ya kuuliza. Alikaa akaziandika kwa mkono wake kwenye daftari langu la vipimo. Mabeki wa kushoto ni wawili, na mmoja wao ni yule kijana wa Likoni. Jezi namba 3 nimeianza jana.